Asili ya Neno Jangada: Jina la Malabar katika Chombo cha Brazili

1.0 Utangulizi

Neno la mkopo ni miongoni mwa ushahidi unaopendwa mno na wataalamu wa isimu historia. Pale lugha moja inapoonekana kuwa na neno la lugha nyingine, fikra inayokuja haraka ni kwamba wasemaji wa lugha ya kwanza walilipokea neno hilo pamoja na kitu chenyewe. Mara nyingi fikra hiyo ni sahihi. Hakuna haja ya kutilia shaka, kwa mfano, kwamba meza na mvinyo ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka katika Kireno yakiwa yamefuatana na vitu vyenyewe. Iko mifano mingine, hata hivyo, ambayo neno lilisafiri peke yake, likakikuta kitu chake kikiwa tayari kipo na kina jina jingine.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa namna hiyo. Neno jangada, huko kaskazini-mashariki mwa Brazili, ni jina la chombo cha uvuvi kinachoundwa kwa magogo mepesi yaliyounganishwa na kuendeshwa kwa tanga la pembetatu. Asili ya neno hili iko katika pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa Bara Hindi. Asili ya chombo haiko huko. Hoja ya makala ni kwamba mambo haya mawili lazima yatenganishwe tangu mwanzo, na kwamba fonolojia ya neno ikichunguzwa pamoja na maandishi ya karne ya 16 hutoa ushahidi wa kutosha wa kuyatenganisha.

Kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kila mahali kwa aina hii ya chombo, neno chelezo litatumika hapa kwa chombo chochote cha magogo yaliyofungwa pamoja. Katika kuandika maneno ya lugha za Bara Hindi, alama c inawakilisha sauti ya ch ya Kiswahili. Ṅ ni ile nazali ya ng'ombe. Na ṭ ni konsonanti inayotamkwa kwa kuipinda ncha ya ulimi nyuma kuelekea kaakaa gumu.

2.0 Chombo na majina ya sehemu zake

Jangada ya asili iliundwa kwa magogo sita ya mti ambao Wabrazili huuita pau de jangada, na ambao wanabotania huuita Apeiba tibourbou. Ni mti laini, wenye vinyweleo vingi, na kwa hiyo huelea vizuri. Henry Koster, Mwingereza aliyefika Recife mwaka 1809 na kuchapisha kitabu cha safari zake mwaka 1816, alivikuta vyombo hivi vikiwa vimekamilika kila kitu: magogo sita yaliyofungwa au kupigwa vigingi, tanga kubwa la pembetatu, kafi lililotumika kama usukani, kiti cha mshika usukani, na ubao unaoteremshwa majini kati ya magogo mawili ya katikati ili upepo usikisukume chombo ubavuni. Katikati ya karne ya 20 magogo yalianza kuadimika, na jangada za mbao zilizo wazi ndani zikachukua nafasi yake pole pole. Jina halikubadilika, ingawa chombo hicho kipya si chelezo tena kwa maana halisi.

La kuzingatiwa zaidi ni majina ya sehemu. Magogo mawili ya katikati huitwa meios, na ya pembeni kabisa bordos, maneno ya Kireno yote mawili. Lakini yale yaliyo baina yao huitwa mimburas, na neno hilo ni la Kitupi. Kapu la samaki ni samburá na nanga ya jiwe ni tauaçu. Haya nayo ni ya Kitupi. Mlingoti (mastro), tanga (vela), kafi (remo) na ule ubao wa katikati (bolina) vina majina ya Kireno.

Mgawanyo huu haukutokea kwa bahati. Vifaa vya kusafiria kwa upepo vina majina ya Kireno. Kapu, nanga ya jiwe na baadhi ya magogo, yaani vitu ambavyo mvuvi wa Kitupi alikuwa navyo kabla hajaliona tanga, vina majina ya Kitupi. Jina la chombo kizima halitokani na lugha yoyote kati ya hizo mbili. Mtafiti anayelijua jina la jumla peke yake angeweza kudai kuwa chombo kilitoka India. Yule anayeyajua majina ya sehemu hawezi kulisema hilo kwa urahisi.

3.0 Kutoka jangada hadi caṅṅāṭam

Asili ya Kimalayalam ya neno hili si ugunduzi mpya. Imo katika Hobson-Jobson, kamusi ya Yule na Burnell iliyochapishwa mwaka 1886, na imefafanuliwa zaidi na Sebastião Rodolfo Dalgado, kasisi na mwanaisimu wa Goa, katika Glossário Luso-Asiático la mwaka 1919 na 1921. Neno linalotajwa ni caṅṅāṭam. Hata hivyo, anayeyaweka maneno haya mawili bega kwa bega atakuta tofauti nne: c imekuwa j, ṅṅ imekuwa ng, ṭ imekuwa d, na m ya mwisho imepotea. Etimolojia isiyozieleza tofauti hizi hubaki kuwa mfanano wa sauti tu, na mifanano ya sauti imewapotosha watu wengi.

Tofauti ya nazali ndiyo rahisi kueleweka kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye hutofautisha ng'ombe na ngoma bila kufikiri. Katika Kimalayalam mfuatano wa nazali na kipasuo uliokuwapo katika lugha ya kale, na ambao Kitamil bado kinao, uligeuka kuwa nazali ndefu. Nazi kwa Kitamil ni tēṅkāy, kwa Kimalayalam ni tēṅṅa. Embe kwa Kitamil ni māṅkāy, kwa Kimalayalam ni māṅṅa. Kireno hakina nazali ya namna hiyo kati ya irabu mbili. Mreno aliyesikia māṅṅa alilitamka neno hilo manga, na ndivyo embe linavyoitwa kwa Kireno hadi leo. Aliyesikia caṅṅā- alilifanyia vivyo hivyo.

Badiliko la c kuwa j ndilo lililohitaji maelezo zaidi, kwa sababu Kireno cha karne ya 16 kilikuwa na sauti ya ch, na kwa hiyo mtu angetarajia changada. Lakini badiliko hilo hilo limo katika neno jingine la Malabar lisilo na utata wowote: fenesi kwa Kimalayalam ni cakka, kwa Kireno ni jaca. Tukio moja lingeweza kuitwa la bahati. Matukio mawili katika maneno yaliyokopwa mahali pamoja na katika kipindi kimoja ni desturi. Kuhusu ṭ, konsonanti hii ikiwa kati ya irabu mbili hutamkwa kwa mghuno, na sauti ya Kireno iliyo karibu nayo ni d.

(Inafaa kutaja hapa kwamba Kiswahili hakikufuata Malabar katika kuyaita matunda haya mawili. Fenesi ni jamaa wa phaṇas ya Kimarathi, na embe ni jamaa wa āmb ya lugha za kaskazini mwa Bara Hindi. Wareno na Waswahili walikula matunda yale yale wakiwa na wenyeji tofauti.)

Inabaki m ya mwisho. Kireno kina majina mengi yanayoishia na -ada: armada, jornada, manada. Sikio la Mreno lilikuta katika -āṭam kitu kinachokaribiana na kiishio hicho, likalirekebisha neno zima lifanane na wenzake na kulitia katika jinsia ya kike. Kiswahili kilifanya jambo kama hilo kilipopokea kitāb ya Kiarabu na kuisikia ki- ya mwanzo kama kiambishi ngeli, kikazaa vitabu. Neno la mkopo haliingii katika lugha kama mgeni anayekaa barazani. Hupangiwa chumba pamoja na maneno mengine ya nyumba.

4.0 Maana ya kuunga

Caṅṅāṭam nalo lilikopwa. Chanzo chake ni saṃghāṭa ya Kisanskriti, nomino itokanayo na mzizi ghaṭ, "kuunga", na kiambishi awali saṃ-, "pamoja". Maana yake ni uungaji wa mbao. Katika Kipali, lugha ya maandiko matakatifu ya Kibudha, saṅghāṭa tayari lina maana ya chelezo. Kimarathi kina sāṅgaḍ, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Namna Kitamil na Kimalayalam vilivyolipokea neno hili ni ya kawaida: s ya mwanzo huandikwa c, mpumuo wa gh hupotea, na kiishio -am huongezwa. Njia hiyo hiyo iliifanya saṅgha, "jumuiya", kuwa caṅkam, jina linalotumiwa kwa fasihi ya kale ya Kitamil.

Kwa hiyo maana ya msingi ya neno haikuwa kuelea wala kusafiri, bali kuunganisha. Jambo hili linaeleza kwa nini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walilitumia kwa vyombo visivyofanana. Gaspar Correia, anaposimulia katika Lendas da Índia vita vya Cochin vya mwaka 1504, anazungumzia jangada za magogo. João de Barros, akieleza mashambulizi ya majini, anazungumzia vyombo vya makasia vilivyofungwa viwili viwili ili vibebe askari wengi zaidi. Anayedhani kuwa jangada ni aina moja ya chombo ataona mkanganyiko. Anayejua kuwa neno lina maana ya "kilichoungwa" hataona mkanganyiko wowote.

Lugha hutofautiana katika kile inachokitazama inapokipa chombo jina. Kitamil kina kaṭṭumaram, kutokana na kaṭṭu, "kufunga", na maram, "mti"; hilo ndilo neno lililozaa jina la vyombo vya kisasa vyenye matumbo mawili. Hapa pia kinachotazamwa ni kazi ya fundi. Chelezo ya Kiswahili inatokana na -elea: msemaji wa Kiswahili ametazama kinachotokea majini, si kilichotokea ufukweni.

Kuna maana ya pili ya caṅṅāṭam ambayo wachunguzi wengi huipitia kwa haraka, na haistahili kupitiwa hivyo. Kamusi ya Kimalayalam ya Hermann Gundert, ya mwaka 1872, inaeleza kwamba neno hilo lilitumika pia kwa msindikizaji: mtu wa jamii ya Wanayar aliyemwongoza msafiri katika nchi ya ugenini na kuuwekea dhamana usalama wake. Wareno walilikopa neno katika maana hii pia, na Wanayar wa namna hiyo wanaitwa jangadas katika maandishi yao. Je, haya ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti, au ni neno moja lenye maana mbili? Yawezekana neno jingine la Kisanskriti, saṃgata, lenye maana ya urafiki na kukutana, lilichangia katika maana ya msindikizaji. Lakini hakuna ulazima wa kutafuta mizizi miwili pale mmoja unapotosha. Kitenzi -unga cha Kiswahili kimezaa kiungo cha mwili na muungano wa nchi, na hakuna anayedai kuwa hivyo ni vitenzi viwili. Mnayar aliyefungamana na mgeni kwa kiapo na gogo lililofungamana na gogo kwa kamba vinaelekea kuwa na jina moja kwa sababu hiyo hiyo.

Ushahidi wa kale zaidi wa neno hili nje ya Bara Hindi umo katika Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza B.K. Mwandishi wake anataja, katika bandari za upande wa mashariki wa Bara Hindi, vyombo vikubwa vya magogo yaliyofungwa pamoja viitwavyo sangara. Wataalamu wamelihusisha neno hili na saṃghāṭa kwa muda mrefu, na fonolojia haipingi. Myunani hakuwa na konsonanti ya ulimi uliopindwa, akaisikia kama r. Msemaji wa Kiswahili alifanya hivyo hivyo alipoikopa gāṛī akasema gari. Aidha, c ya mwanzo katika Kitamil mara nyingi hutamkwa s, na pwani inayotajwa na Periplus ndiyo ya Watamil. Yaelekea basi kwamba s ya Wayunani na j ya Wareno zinatokana na tofauti ya pwani mbili za nchi moja, zikiwa zimepishana kwa karne 15.

5.0 Mwaka 1500 na baada yake

Tarehe 22 Aprili 1500 msafara wa Pedro Álvares Cabral, uliokuwa njiani kwenda Calicut, uliiona nchi ambayo baadaye iliitwa Brazili. Barua ya karani Pero Vaz de Caminha kwa mfalme wa Ureno, iliyoandikwa tarehe 1 Mei, inataja vyombo vya wenyeji wa pale: boriti tatu zilizofungwa pamoja, basi. Caminha aliviita almadias, neno ambalo Wareno walilipata katika Kiarabu na kulitumia kwa mitumbwi ya Afrika, na papo hapo akaona haja ya kueleza kwamba havikufanana na almadia alizozizoea. Ni ushahidi ulio wazi. Mtu aliyehitaji neno la chelezo, akiwa na chelezo mbele ya macho yake, hakuitumia jangada.

Msafara ule uliendelea, ukatia nanga Kilwa mwezi Julai na Malindi mwezi Agosti, na Septemba ukawasili Calicut, katika nchi ya wasemaji wa Kimalayalam. Caminha anasadikiwa kuwa aliuawa huko mwezi Desemba, ghala la Wareno liliposhambuliwa. Mtu aliyeieleza jangada ya Brazili bila kuwa na jina lake alikufa mahali jina lilipokuwa likitumika kila siku.

Jina la wenyeji wenyewe limehifadhiwa na Jean de Léry, Mfaransa aliyeishi miongoni mwa Watupinamba wa Guanabara na kuchapisha kitabu chake mwaka 1578. Léry anaviita vyombo hivyo piperis, na kusema kuwa viliundwa kwa vipande vitano au sita vya mti wa mviringo vilivyofungwa kwa fito changa zilizosokotwa. Mvuvi alikaa juu yake miguu imenyooshwa, akipiga maji kwa kipande cha ubao. Jina jingine la Kitupi ni igapeba, lenye maana ya mtumbwi bapa. Tanga halimo katika maelezo ya Caminha wala ya Léry. Luís da Câmara Cascudo, aliyeandika kitabu kizima kuhusu jangada katika miaka ya 1950, alilichukulia tanga kuwa nyongeza ya wageni, na msamiati uliotajwa katika sehemu ya 2.0 unamuunga mkono.

Kilichotokea basi ni hiki. Mabaharia na maofisa wa Kireno waliofanya kazi Asia walijipatia neno la jumla kwa chochote kilichoungwa ili kielee. Walilibeba neno hilo hadi nchi nyingine ya dola lao, wakalibandika kwenye chombo cha Kitupi, kisha wakakitia chombo hicho mlingoti. Huko Ureno jangada imebaki kuwa jina la jumla. Mfaransa Jules Verne alipoita riwaya yake ya mwaka 1881 La Jangada, alikuwa na maana ya chelezo kubwa mno la mbao linaloteremka Amazon, si chombo cha mvuvi. Brazili maana imebanwa. Ni chombo kile kimoja, chenye tanga lile moja, cha pwani ile moja.

Neno lilipokwisha kubanwa hivyo lilizaa jina la watu: jangadeiro, yaani mwendesha jangada. Mwaka huo huo wa 1881, jangadeiro wa Fortaleza, ambao kiongozi wao anayekumbukwa zaidi ni Francisco José do Nascimento, walikataa kuwavusha watumwa kutoka ufukweni hadi kwenye meli za kwenda kusini. Kwa kuwa bandari ile haikuwa na gati la kutosha, kukataa kwao kulikuwa na nguvu ya sheria. Jimbo la Ceará lilikomesha utumwa mwaka 1884, miaka 4 kabla ya Brazili nzima. Mwaka 1941 jangadeiro wanne walisafiri siku 61 kwa jangada kutoka Fortaleza hadi Rio de Janeiro kumweleza Rais Getúlio Vargas shida za wavuvi. Neno lililoletwa na mabaharia wa dola lilikuwa limekwisha kuwa jina la heshima la watu maskini.

6.0 Neno na kitu katika msamiati wa bahari wa Kiswahili

Mfano wa jangada unahusu moja kwa moja namna historia ya Waswahili ilivyowahi kuandikwa. Kwa kuwa nahodha ni neno la Kiajemi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya msamiati wa usafiri wa masafa marefu ina asili ya Kiarabu, Kiajemi au Kihindi, wako waliodai kwamba ubaharia wenyewe uliletwa na wageni. Hoja hiyo inalichukua jina la jumla na kulipuuza swali la sehemu, kosa lile lile ambalo lingeifanya jangada kuwa chombo cha Kerala. Kinachohitajika ni uchunguzi wa neno kwa neno: lipi ni la cheo, lipi ni la kifaa, lipi ni la kitendo cha fundi. Cheo hukopwa kwa urahisi kwa sababu huendana na biashara na mikataba. Vitenzi kama kuunda, kushona na kuvua havikuhitaji kukopwa.

Neno gereza linafaa kuangaliwa kwa upande wa pili. Linatokana na igreja ya Kireno, "kanisa". Unguja, Waarabu wa Omani walijenga ngome mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ngome hiyo baadaye ikatumika kama jela. Jina lilibaki mahali pale pale huku kitu kikibadilika mara mbili juu yake. Katika jangada kitu kilibaki mahali pake na majina yakabadilika.

Periplus ile ile inayotaja sangara inataja pia pwani ya Azania, na humo bandari ya Rhapta, ambayo kwa maelezo ya mwandishi ilipata jina lake kutokana na vyombo vidogo vilivyoshonwa vya wenyeji. Rhaptos kwa Kiyunani ni "kilichoshonwa". Jina la bandari ni la Kiyunani, na hakuna aliyewahi kudai kwa sababu hiyo kwamba Wayunani ndio waliowafundisha watu wa Azania kushona mbao. Ufundi huo ulidumu katika pwani ya Afrika Mashariki hadi mwanzoni mwa karne ya 20, katika chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Kwa upande wa Coromandel mwandishi wa Periplus aliandika neno alilolisikia kwa wenyeji, sangara. Kwa upande wa Rhapta aliandika neno la kwao.